Maziwa ya Usiku

Mtoto aliyeletwa zahanati asubuhi ile hakuwa na ugonjwa ambao Namkunda angeweza kuutaja. Hakuwa na homa, hakuharisha, na kifua chake kilikuwa safi. Alikuwa amelala tu. Mama yake, mchumaji wa nyanya, alisimama kando ya kitanda akirudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini, kwamba mwanawe ni mtulivu, tangu azaliwe ni mtulivu, hajawahi kumsumbua mtu.

Kabla ya adhuhuri mtoto akaacha kupumua. Hakukohoa wala hakutupa mkono. Aliacha kama mtu anayeacha kazi ambayo hakuwahi kuonyeshwa mwanzo wake wala mwisho wake.

Namkunda alimfunika. Huyu hakuwa wa kwanza.

Katika Mji wa Mwangaza neno mtulivu lilikuwa sifa kubwa. Mvua zilipokoma kufika kwenye tambarare ya chini ya milima ya Upare, Shirika la Mavuno lilikuja na nyumba za vioo na taa za zambarau zisizozimwa, na ndani ya vioo mimea ikazaa bila kupumzika. Mimea isiyopumzika inataka wachumaji wasiopumzika. Ndipo kikaletwa kituliza, kidude kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, kinachowekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, mfupa wa chini ya shingo. Kikishawekwa, saa ya mwili hunyamaza. Mtu husinzia kidogo juu ya kreti, huamka, huendelea na kazi. Hapigi miayo wala hajui tena kitu kinachoitwa uchovu wa usiku. Watu walishiba na nyumba zikajengwa kwa matofali. Nani angelalamika?

Namkunda ndiye aliyekuwa mpandikizaji. Vituliza vingi vya mji ule vilipita mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakuwa nacho, kwa kuwa kanuni ilikataza: mkono unaochana nyama ya mtu sharti uwe wa mtu aliyelala usingizi wake. Kwa hiyo kila jioni alikwenda kulala kama watu wa zamani, na majirani, waliompa jina la Mama Saa, walimtania kwamba amekwenda kufa kidogo, atafufuka asubuhi. Cha binti yake Naetwe alikiweka siku Naetwe alipoajiriwa. Msichana alicheka wakati wa ganzi, akasema sasa atakuwa na maisha marefu mara mbili, maana nusu ya maisha watu huimaliza kwa kukoroma.

Sasa Naetwe alikuwa ndani ya arobaini. Alikuwa amezaa mtoto wa kiume, na kila aliyetoka kumwona alitoka akimsifu: jamani, mtoto mtulivu.

Mama wa marehemu alipochukuliwa na ndugu zake, Namkunda alikata kikuku kwenye mguu wa mtoto. Kila mtoto wa mji alivishwa kikuku cha kupimia siku aliyozaliwa, ila hakuna aliyejisumbua kukisoma, kwa sababu watoto hawakuwa wakiumwa, hata wale waliokufa. Alikiunganisha na kioo cha kipimo, akatazama.

Mwili wa binadamu una maji kupwa na maji kujaa. Joto hupanda mchana na kushuka usiku, na damu hupata nguvu kabla ya alfajiri ili mtu aweze kuinuka. Kwenye kipimo mambo hayo huonekana kama mawimbi. Hata kwa mtu mwenye kituliza mawimbi yapo, yamelazwa tu, kama mtu aliyefunikwa shuka. Namkunda alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake hivyo: nyuma ya macho kuna saa ndogo kuliko punje ya mtama, na ini lina saa yake, moyo una saa yake, zote zinaisikiliza ile moja. Kituliza hakiiui. Kinaiziba mdomo.

Kwa mtoto huyu hapakuwa na wimbi. Tangu kuzaliwa hadi kufa palikuwa na mstari, umenyooka kama uzi uliovutwa pande mbili.

Namkunda akakaa kitako. Alilijua jambo lenyewe, ila hakuwahi kuliunganisha na mji wake. Mtoto haujui usiku bila kufundishwa. Hufundishwa na damu ya mama akiwa tumboni, na baadaye hufundishwa na maziwa. Maziwa ya usiku yana usingizi ndani yake, na ya alfajiri yana kuamka. Na mwalimu wa tatu ni jua. Kule milimani, bibi aliyetunza arobaini alifunga pazia, akawasha moto mdogo, akamlisha mzazi uji na makande, lakini kila asubuhi alimchukua mtoto mlangoni akamwotesha jua. Huku tambarare wanawake waliitunza arobaini kwa bidii kuliko hata mama zao. Walitundika mapazia mazito, wakaweka taa hafifu isiyozimwa, wakamficha mtoto asipigwe na mwanga mkali wa zambarau. Mila ilihama nao, ikaja na pazia. Mlango ukabaki milimani.

Kwa hiyo watoto wa mji walilelewa katika magharibi isiyoisha, wakinyonya maziwa yasiyo na saa.

*

Daktari Kajiru, mkuu wa zahanati, alikitazama kioo cha kipimo kwa muda, kisha akakizima. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi, aliyezoea kuwasalimu wafagiaji kwa majina yao. Namkunda aliona kwamba hakushtuka.

"Mmejua tangu lini?" akauliza.

Daktari alichukua funguo zake. Alimwomba amfuate.

Waliingia kwenye ukumbi wa nyuma, ambao Namkunda aliambiwa siku zote kuwa ni ghala. Ndani palikuwa na vitanda vidogo vimepangwa safu mbili, na kila kitanda kilikuwa na mtoto. Wengine walikuwa wachanga, wengine walikuwa na umri wa kutambaa. Wote walikuwa wamelala chali. Shingoni kwa kila mmoja palikuwa na kovu dogo jipya, na Namkunda, ambaye aliyajua makovu kama mshonaji anavyojua pindo, aliona kuwa halikuwa kazi ya mkono wake.

Daktari alinong'ona, japo hapakuwa na wa kuamshwa. Kidude kile kiliitwa kiamshi. Mtoto ambaye hakupata saa kutoka kwa mama yake hupewa saa kutoka kwenye mnara wa Shirika. Mnara unatuma asubuhi, mwili unaipokea. Mnara unatuma usiku, mwili unalala. Moyo unajua lini uongeze nguvu na lini upunguze, na mtoto hafi.

"Ngoja," alisema, akainua kidole.

Kengele ya mnara ililia nje. Watoto wote walifumbua macho.

Walifumbua kwa wakati mmoja, safu nzima, kama taa za barabara. Hakuna aliyejinyoosha wala aliyesugua uso. Hakuna aliyelia. Sekunde chache baadaye, wote kwa pamoja, waligeuza shingo kuelekea mlangoni, mahali ambapo chupa za maziwa zingeingilia.

Namkunda alishika ukingo wa kitanda kilichokuwa karibu.

"Yule wa dirishani ni mjukuu wangu," alisema Daktari Kajiru. "Anaitwa Sifaeli. Alikuwa anakwenda kama huyo wa leo. Sasa anaishi, Mama Naetwe. Anacheka. Juzi alinishika pua."

"Anacheka lini?"

Daktari akatazama chini. "Wakicheka, wanacheka wote."

Namkunda aliuliza mnara ukizimika itakuwaje. Aliambiwa mnara hauzimiki. Akauliza, siku moja atakayeushika mnara akitaka watu hawa walale, au wasilale kabisa, wakiwa wameshakuwa watu wazima na kazi na hasira zao, nani atamzuia?

Daktari alisema tu kwamba mlango wa kujifunza hufungwa upesi. Arobaini ikishakwisha, mtoto asiyejua usiku hatakuja kuujua tena. Wamlete mtoto wa Naetwe, atawekewa kiamshi bila foleni. Njia nyingine ni kumtoa mama kituliza maziwa yarudi kuwa na saa, na njia hiyo, alisema, Namkunda mwenyewe anaujua mwisho wake.

Aliujua. Palikuwa na dereva wa toroli ambaye kituliza chake kiliota usaha, wakalazimika kukitoa. Usingizi wa miaka yote ulimrudia kwa mara moja. Alilala akiwa anatabasamu, wakamtundikia maji, wakamgeuza ubavu hadi ubavu, na hakuamka. Kati ya waliotolewa baada yake, wengine waliamka na wengine hawakuamka, na hakuna mtu aliyeweza kusema kwa nini.

*

Chumba cha arobaini kilikuwa kimefungwa mapazia mawili. Bi Nanzia, mama mkwe wa Naetwe, alikuwa akikoroga uji juu ya jiko la umeme, na alipomwona mkwe mwenzake mlangoni alimkaribisha kwa utani wake wa kawaida.

"Karibu, mkwe. Wewe ndiye mtu pekee mji huu mwenye macho mekundu. Lala uje umlee mjukuu."

Juu ya kabati palikuwa na mkebe wenye mche wa maharage. Bi Nanzia ndiye aliyeuleta alipoteremka milimani, mbegu za nyumbani kwao, akisema chumba cha mzazi hakikai bila kitu kibichi. Taa ile hafifu haikuzimwa usiku wala mchana, mapazia hayakufunguliwa, na bado kila jioni majani ya mharage yalijikunja yakaning'inia, na kila alfajiri yaliinuka. Bi Nanzia alikuwa akiucheka mmea ule kuwa ni mshamba, haujazoea mjini.

Namkunda aliutazama mmea, kisha akamtazama mtoto. Alilala kifuani kwa Naetwe, macho nusu wazi, hanyonyi wala haachi. Namkunda alikisoma kikuku chake palepale kwa kioo cha kipimo. Uzi ulionyooka.

Aliwaeleza yote. Hakuficha ukumbi wa nyuma, wala wale watoto waliogeuza shingo kwa pamoja, wala dereva wa toroli. Alipomaliza, uji ulikuwa umeshika sufuria na hakuna aliyeuepua. Bi Nanzia alikaa kwenye kigoda akashika kichwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alimsifu. Kila siku alimwambia mtoto, asante baba, kwa utulivu wako.

Kallaghe, mume wa Naetwe, alikuwa zamu kwenye nyumba za pilipili, na simu haziruhusiwi kule. Wakabaki wanawake watatu na mtoto asiyelia.

"Nitoe, Mama," alisema Naetwe.

Namkunda alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo njia nzima, na bado yalimkuta mikono mitupu. Alisema kiamshi si kifo. Alisema mtoto ataishi, atakua, atakwenda shule, na huenda siku moja watu wenye akili watapata dawa. Alijisikia akiongea kama Daktari Kajiru, kwa upole uleule.

"Mama. Ulipowaona wale watoto, ulitaka kumchukua mmoja nyumbani?"

Namkunda aligeuka kuepua sufuria ya uji.

"Sema ukweli mbele ya Mungu wako."

"Niliogopa kuwagusa," alisema Namkunda.

Naetwe aliitikia kwa kichwa, kana kwamba alikuwa akisubiri hilo tu. Alimlaza mtoto, akafungua kanga begani.

"Naweza kukuua," mama yake akamwambia. "Unanielewa? Si neno la kutisha watoto. Naweza kukutia ganzi sasa hivi na hii ikawa mara ya mwisho kukusikia. Wewe ni mwanangu, Naetwe."

"Na huyu ni wangu," alisema Naetwe. "Basi unajua ninachokuambia."

Namkunda aliomba apewe muda wa kusali. Alipiga magoti kando ya kabati, uso wake karibu na mkebe. Hakuomba muujiza. Alimwambia Mungu kwamba Yeye aliumba usiku kabla hajamuumba mtu wa kulala ndani yake, na kwamba mkono huu ulikuwa umeufuta usiku huo kwa watu wengi, ukidhani unawasaidia. Sasa mkono huohuo unaombwa urudishe. Akaomba usitetemeke. Kisha akasubiri moyo utulie. Haukutulia, akainuka hivyohivyo.

Kulikuwa na jambo la mnara. Kituliza kikipoa, mnara hujua, na askari wa Shirika huja kumchukua mfanyakazi. Namkunda alipokitoa, kikiwa bado na damu, alikipangusa na kumkabidhi Bi Nanzia, naye akakibana kwapani penye joto.

"Haya," alisema yule mzee, machozi yakimtiririka, "leo na mimi nimeajiriwa."

Naetwe alicheka. Alimwomba mama yake amsogezee mtoto, akamweka titini. Akasema anasikia kitu kizito kinakuja kutoka miguuni, kizuri, kama maji ya moto. Akasema alikuwa amesahau. Kisha akalala.

*

Siku zilizofuata zilikuwa na kazi moja. Bi Nanzia hakuubandua mkono wake ubavuni, akalala ameketi, akala kwa mkono wa kushoto huku akiomba radhi kwa Mungu kila tonge. Kallaghe alirudi kutoka zamu, akaambiwa, akatoka nje akapiga ukuta ngumi mara moja. Kisha akaingia, akakaa miguuni pa mke wake na hakurudi kwenye pilipili. Namkunda alimtundikia binti yake maji, akamgeuza, akampangusa, akamweka mtoto titini kwa zamu. Kila mwanga wa kweli ulipoanza nyuma ya milima alifungua mapazia yote mawili, akasimama na mtoto kwenye kizingiti. Jioni alifunga, akazima taa. Wapita njia walishangaa. Chumba chenye giza kilikuwa kitu ambacho watoto wakubwa wa mtaa walikuwa wameshakisahau, wakaja kuchungulia, wakakimbia.

Naetwe hakuamka. Mapigo yake yalipungua kadiri siku zilivyokwenda, na Namkunda akawa anaweka sikio kifuani kwake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kikuku cha mtoto ndicho kilichoanza kusema. Mwanzoni uzi ulitikisika, kama umeguswa na inzi. Baadaye ulipinda. Namkunda alimwonyesha Kallaghe, naye akauliza hicho ni kitu gani, na Namkunda akakifuata kwa kidole juu ya kioo. Kilikuwa kilima kidogo na bonde dogo, na bonde liliangukia usiku.

Arobaini ilibakiza siku chache ilipofika alfajiri ile. Namkunda alikuwa ameketi gizani akitazama mharage, umbo lake tu, majani yaliyoning'inia kama mikono ya mtu aliyechoka. Jani la chini likaanza kuinuka. Pembeni yake kitu kikajinyoosha ndani ya shuka.

Mtoto alikunja uso. Alipiga teke. Akafungua mdomo, akalia.

Kilikuwa kilio kikubwa, cha hasira, cha mtu mwenye njaa anayedai haki yake, na kuta za matofali za Shirika zilikuwa nyembamba. Milango ikafunguka kwa mfululizo mtaani. Wanawake wakatoka kwenye vyumba vyao vya arobaini, wengine na watoto watulivu migongoni, wakasimama kwenye mwanga wa zambarau wakisikiliza. Wengi wao hawakuwahi kusikia mjini humo sauti kama ile katika saa kama ile.

"Mtoto wa nani anaumwa?" aliuliza mmoja.

Bi Nanzia alijikokota hadi mlangoni, mkono umebana kwapa.

"Haumwi," alisema. "Kumekucha."

Hawakuelewa mara moja. Walimtazama, wakatazama milima, ambako kweli palikuwa na mstari mwembamba wa weupe uliofunikwa na taa zao. Wakatazama watoto wao wenyewe. Kisha yule aliyeuliza, mchumaji kijana mwenye mtoto wa wiki chache, alisogea mpaka kizingitini, akavuta kanga yake chini ya bega hadi kovu likaonekana.

"Mama Saa," alisema, "nitoe na mimi."

Nyuma yake mwingine akavuta kanga. Na mwingine.

Namkunda aliwaona wote, mabega yao, makovu aliyoyashona kwa mkono wake. Aligeuka kutazama kitandani. Naetwe alilala vilevile, mdomo umefumba, pumzi nyembamba.

"Ngojeni kwanza aamke," aliwaambia.

Hakuna aliyeuliza kama ataamka. Hakuna aliyeondoka pia. Mtoto akavuta pumzi, akalia tena, kwa nguvu zaidi, na Kallaghe, aliyekuwa miguuni pa kitanda, akasema, "Mama, tazama."

Juu ya kanga iliyofunika kifua cha Naetwe palikuwa pametokea doa la maji, upande wa kushoto, na lilikuwa likipanuka. Kisha na upande wa kulia. Macho yake yalikuwa yamefumba bado, lakini mwili wake ulikuwa umemsikia mwanawe, ukaitika.

Namkunda alimwinua mtoto na kumpeleka kwa mama yake. Nje, kengele ya mnara ilikuwa haijalia bado.